Mwenge Ukifika, Uulize

Ndugu wanafunzi wa kisomo cha watu wazima, sogeeni karibu na redio. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Salamu zetu za leo ziwafikie ninyi wa darasa la Busisi, Wilaya ya Sengerema. Somo letu ni hili: namna watu wanavyomkumbuka shujaa kwa vitendo.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipata uhuru. Usiku huo Luteni Alexander Nyirenda, askari wa jeshi letu, alikuwa juu ya Mlima Kilimanjaro. Alisimika bendera mpya, akawasha mwenge. Kilele kile hapo zamani kilipewa jina la mfalme wa Ujerumani. Sasa chaitwa Uhuru, na kimo chake ni meta 5,895. Huko juu baridi ni kali na pumzi ni haba.

Kwa nini askari apande mlima na moto? Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alieleza haja ya kuwasha mwanga juu ya mlima ule, umulike hata nje ya mipaka yetu, uwape tumaini waliokata tamaa na uwarudishie heshima waliodharauliwa. Nyirenda alilitimiza neno hilo kwa miguu yake.

Mataifa mengine pia hukumbuka mashujaa wao. Jenerali Lafayette, Mfaransa, aliwasaidia Wamarekani katika vita vyao vya uhuru. Mwaka 1824 na 1825 alirudi kuwazuru, akafika majimbo yote 24 ya wakati ule. Miaka 200 baadaye, miji mingi iliigiza ziara ile. Mtu alivaa mavazi ya jenerali, na wenyeji wakatoka kumlaki kama walivyofanya wazee wao.

Sisi tunaigiza safari ya moto. Mbio za Mwenge zilianza mwaka 1964. Mwaka 2024 zilitimiza miaka 60, na kilele chake kilikuwa Mwanza, tarehe 14 Oktoba. Lakini Mwenge hauji kutazamwa tu. Ukifika wilayani, ngoma hupigwa na watu hukesha. Kisha kiongozi wa mbio hukagua kisima, zahanati au darasa. Husomewa taarifa ya fedha. Kazi ikiwa mbovu, au hesabu zisipolingana, aweza kukataa kuizindua.

Hapo ndipo wewe unapohusika. Kiongozi hukaa saa chache, kisha huondoka. Hawezi kujua kama bomba lilianza kutoa maji jana tu. Wewe wajua, kwa kuwa unachota hapo kila siku.

Tuseme taarifa yasema mabati 120 yamenunuliwa kwa ajili ya darasa. Wewe umehesabu paa, ukaona mabati 90. Andika daftarini: 120 kutoa 90 ni 30. Je, mabati 30 yako wapi? Labda yamo stoo. Labda hayamo. Asiyejua kusoma hupiga makofi tu. Anayejua kusoma huuliza.

Usingoje siku ya ngoma. Nenda mapema katika mkutano wa kijiji. Simama, uliza kwa adabu, andika jibu na tarehe yake. Huko si kumvunjia mtu heshima. Ni kumulika, kama mwenge ulivyokusudiwa.

Ninyi wa Busisi mnaijua thamani ya kazi ya umma. Miaka mingi mlingoja kivuko, na mgonjwa akangoja pamoja nanyi. Tarehe 19 Juni 2025, daraja la kilometa 3 kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa. Lilijengwa kwa fedha za serikali, yaani fedha zenu. Kama daraja ni lenu, basi hata kisima kidogo ni chenu, na hesabu yake ni yenu.

Sasa jadilianeni darasani:

1. Nyirenda alifanya nini mwaka 1961, na kwa nini?
2. Ni kazi gani ya umma iliyo karibu nawe? Ilianza mwaka gani?
3. Andika swali moja la kuuliza mkutanoni. Msomee jirani yako, naye akusomee lake.

Kwaherini, ndugu. Tukutane katika somo lijalo.