Umeitwa Kwenye Usaili wa Serikali?

Msikilizaji, jina lako limetoka kwenye tangazo la Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania. Hongera! Ila kabla hujapiga pasi shati, fungua bahasha ya vyeti. Vinatakiwa vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Hati ya matokeo haikubaliwi, hata iwe na alama nzuri namna gani. Je, majina yanatofautiana kwenye nyaraka zako? Shughulikia hati ya kisheria ya majina mapema, maana hilo halimalizwi kwa kubembeleza getini. Kitambulisho usisahau. Nauli, chakula na malazi utajigharamia mwenyewe. Halafu ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal leo, uinakili namba yako ya usaili.