Mafuta, Divai na Dinari Mbili



Injili ya Jumapili ya 15 ya Mwaka C inatuletea Msamaria mwema. Tumezoea kuisifu huruma yake. Leo tuitazame kazi yake. Aliyamiminia majeraha mafuta na divai, dawa za nyumbani za zama zile. Wala hakuishia hapo: alimpeleka majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili ili atunzwe. Cha nyumbani na cha kulipia, vyote viwili vilikuwa huruma.

Miaka mingi iliyopita, tukihudumia kigango kimoja upande wa Bahi, tuliitwa katika tembe ya mama mmoja aliyeteswa na viungo. Vidole vilikuwa vimevimba na kuwa na joto. Asubuhi hakuweza kushika kikombe cha uji. Binti yake alimkanda kwa maji ya moto na mafuta ya alizeti. Sisi tulisali naye, tukamhimiza avumilie na kuyaunganisha mateso yake na Msalaba. Hatukumwuliza kama ameonwa na daktari. Alipofika hospitali, vidole vilikuwa vimekwisha kupinda, wala havikunyoka tena.

Waganga wametufundisha kwamba katika baridi yabisi ya namna ile, chembe za ulinzi wa mwili huvigeukia viungo vyenyewe kana kwamba ni adui. Zipo dawa za kuzituliza, nazo hufaa zaidi zikianzwa mapema. Binti yule hakukosea kumkanda mama yake, maana mikono yake ilimpa nafuu. Tuliokosa ni sisi, tulioleta sala pasipo kuuliza habari za tiba.

Ndugu zangu, mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha marehemu mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Tusiwacheke. Mwenye maumivu hutafuta mlango wowote ulio wazi. Lakini wapo walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona, na hapo ndipo penye hatari.

Je, mitishamba ni adui? Hasha! Dawa mseto ya malaria imetokana na mmea, na mofini hutokana na utomvu wa mpopi. Tofauti ni kupimwa: kipimo gani kinafaa, kinamfaa nani, na kinadhuru nini. Ndiyo kazi ya watafiti wetu wa tiba asili pale Muhimbili. Basi, mgonjwa anayetumia mizizi amweleze daktari bila aibu, maana dawa mbili zaweza kugombana tumboni. Naye daktari asimkaripie, asije akaficha siku nyingine.

Kwa wale ambao ugonjwa wao hauponi, ipo tiba shufaa, inayotunza mwili, moyo na roho. Jirani zetu wa Uganda, tangu Daktari Anne Merriman alipoanzisha huduma hiyo mwaka 1993, wamekuwa wakiwapa wagonjwa mofini ya maji, hata majumbani mwao. Wengine huogopa kwamba kutuliza maumivu ni kukosa imani. Papa Pio wa 12 aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu makali, hata kama dawa yaweza kufupisha maisha, mradi kifo kisikusudiwe. Kristo hakumwagiza mtu yeyote amwache jirani yake akilia.

Kwa hiyo, wapendwa, tunapomtembelea mgonjwa juma hili, tumkande, tumwimbie, tumwitie padre kwa Mpako Mtakatifu. Kisha tumwulize: Unaumwa wapi? Daktari amesema nini? Nauli unayo? Swali hilo la mwisho ndilo dinari mbili za Msamaria.

Mama yule wa Bahi alitusamehe. Alitupa mkono wake uliopinda, nasi tukaupokea kwa mikono miwili. Mungu atujalie tusichelewe tena.