MIKONO INAYOKANDA: AINA ZA KUKANDA MWILI NA FAIDA ZAKE

(Maelezo ya Kamati ya Afya ya kikundi, yaliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka kumi)



Tumepewa dakika chache tuzungumzie kukanda mwili. Pengine mtu anajiuliza, kukanda na hisa vina uhusiano gani? Vina uhusiano mkubwa. Hisa tunazonunua zinatoka mgongoni. Ni mgongo ulioinama kwenye maharage na mihogo, ni shingo iliyopanda vilima na ndoo ya maji au mkungu wa ndizi. Mgongo ukigoma, na sanduku linagoma.

Kukanda si jambo la kwetu peke yetu. Wajapani wana shiatsu, ambayo ni kubonyeza mwili kwa vidole. Watu wa Thailand huchanganya kubonyeza na kunyoosha viungo, na mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ukandaji wao katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Huko mwambao wetu, bibi arusi husuguliwa singo. Sisi tuangalie aina nne zinazotuhusu.

Kwanza, kuchua misuli iliyochoka. Unapaka mafuta kidogo, unasugua polepole, halafu unabonyeza palipokaza. Kwenye miguu na mikono, sugua kuelekea upande wa moyo. Faida yake misuli inalegea, maumivu yanapungua, mawazo yanatulia na usingizi unakuja. Lakini nafuu hiyo ni ya muda. Mgongo unaouma wiki baada ya wiki, au unaotia ganzi miguuni, uonwe na daktari.

Pili, kumkanda mtoto mchanga. Mikono iwe safi na ya vuguvugu, nyumba isiwe na baridi, mafuta yawe laini. Mpapase kifua, mgongo, mikono na miguu, huku unamwangalia usoni na kuzungumza naye. Mtoto hutulia, na mama na mwana huzoeana. Asikandwe akiwa ametoka kunyonya. Utosi usibonyezwe, na mtoto asininginizwe kwa miguu eti anyooke. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda hanyooshwi kwa kukandwa tu. Apelekwe hospitali mapema afungwe plasta kwa hatua, maana wengi hupona hivyo.

Tatu, kumkanda mzazi. Kitambaa cha maji ya vuguvugu mgongoni na kiunoni kinampa raha, na tena anajua kuwa hayuko peke yake. Lakini maji yanayochemka, jamani, hapana! Yanaunguza ngozi ya mtu aliyekwisha kuumia. Aliyepasuliwa tumbo wala asiguswe kidonda chake. Kuna pia ukandaji anaofanya mkunga. Mzazi akitoka damu nyingi, mkunga husugua tumbo chini ya kitovu ili mji wa mimba ukaze, pamoja na kumpa dawa ya kuzuia damu. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kujifungulia kituoni, maana mikono bila dawa haitoshi.

Nne, kunyoosha viungo vya mgonjwa, kwa mfano aliyepatwa na kiharusi. Hii ni kazi ya wataalamu wa fiziotherapia, ambao baadhi yao husomea KCMC, Moshi. Wao huwafundisha ndugu wa mgonjwa namna ya kukunja na kukunjua mkono uliolala ili usikakamae. Ndugu akishafundishwa, anaendelea nyumbani kila siku.

Sasa yale yasiyokandwa. Tumbo la mjamzito lisikandwe kwa kutaka kumgeuza mtoto, kwani kondo linaweza kuachia na damu ikatoka. Mfupa uliovunjika usivutwe. Palipo na jipu, kidonda au uvimbe usiojulikana, pasiguswe. Na mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto, hasa kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni, usichuliwe kabisa.

Hapo kwenye mguu tunalo la kusimulia. Mkwe wa mwenzetu alijifungua salama, lakini siku ya nane mguu ukavimba. Akaitwa bibi mmoja anayesifika kwa kukanda. Bibi aliushika ule mguu, akaulinganisha na wa pili, akauweka chini taratibu. Akasema, "Huu una moto, mwenzake hauna. Sikandi. Mpelekeni." Hospitali walikuta damu imeganda ndani ya mshipa. Daktari alieleza kwamba kuuchua kungeweza kulisukuma lile donge mpaka kwenye mapafu, akafa. Leo mama huyo yuko hapa nasi, na mtoto amembeba.

Bibi alifanya sehemu yake. Je, sisi? Nauli ilitafutwa kutwa nzima. Fedha zilikuwemo sandukuni, kwenye mfuko wa jamii, lakini sanduku lina kufuli tatu, na mshika ufunguo mmoja alikuwa msibani ng'ambo ya mto. Majirani wakachangishana mpaka jioni.

Ndugu wanachama, kufuli tatu ni nzuri, zimetulindia fedha miaka kumi. Hatuombi ziondolewe. Tunaomba mkutano ukubali sehemu ndogo ya mfuko wa jamii ikae nje ya sanduku, kwa mweka hazina, iandikwe kwenye daftari na isomwe kila kikao, kwa ajili ya nauli ya mgonjwa tu. Murgwanza, Rulenge na Biharamulo hospitali zipo. Kinachotuchelewesha mara nyingi ni kufika.

Tuwaheshimu bibi zetu wenye mikono ya kukanda, na zaidi pale wanapojua kuiondoa. Mkono mmoja haulei mwana. Kikundi chetu kidumu!