Saini ya Mtumishi: Maadili Yetu na Waajiri Wetu katika Ukanda wa Dhahabu



Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama, ulianza kuzungumzwa nchini kwa sababu ya saini. Februari 2007 Nazir Karamagi, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, alitia saini mkataba wa mgodi huo akiwa London. Agosti mwaka huohuo Zitto Kabwe, mbunge kijana wa upinzani, alilihoji jambo hilo bungeni, akasimamishwa kuhudhuria vikao. Mwaka haujaisha, Rais Kikwete akamteua kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani iliyopewa kazi ya kupitia upya sekta ya madini. Mwaka 2010 tukapata Sheria mpya ya Madini. Zitto ni yuleyule na msimamo wake ni uleule: Agosti aliadhibiwa, Novemba akaitwa kushauri.

Hao ni wakubwa, na majina yao yako kwenye kumbukumbu za Bunge. Mimi leo nataka kuwasemea wasiotajwa: mchukua sampuli, mkemia wa maabara, mhasibu, fundi anayekabidhi zamu alfajiri. Nao hutia saini kila siku. Wahitimu wetu huuliza, "Nitajuaje kama mwajiri huyu anaendana na maadili yangu?" Nawajibu kwamba bango la getini lenye maneno uadilifu, usalama na uwajibikaji halitawasaidia sana. Ulizeni mtatakiwa kusaini nini, na nani anaweza kuwalazimisha kusaini kisicho kweli.

Mabango hayadumu. Buzwagi ilipoanza kuzalisha mwaka 2009 ilikuwa chini ya kampuni ya Barrick. Mwaka 2010 ikawa chini ya African Barrick Gold, ambayo mwaka 2014 ilijiita Acacia. Mwaka 2019 Barrick iliichukua Acacia yote, kisha ikaja Twiga, kampuni ya ubia ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Mwaka 2021 mgodi ukafungwa. Aliyekaa pale tangu mwanzo hadi mwisho alibadilishiwa nembo kifuani bila kuhama kazi. Kama maadili yake aliyaazima kwa mwajiri, aliyarudisha pamoja na sare.

Wachimbaji wadogo wana jambo la kutufundisha hapa. Kwenye duara, yaani shimo lao la kuchimbia, mawe yakishatoka chini, mifuko hugawanywa palepale juu: ya mwenye eneo, ya mwenye duara, ya wachimbaji. Watu wanaona na wanahesabu, na asiyeridhika hupaza sauti. Dhuluma ipo, tena nyingi, lakini mgao una mashahidi. Kwenye mgodi mkubwa mgao umehamia kwenye karatasi: uzito, kiwango cha dhahabu, gharama, kodi. Wenye uwezo wa kuuona ni wachache, na kwa hiyo uaminifu wa wachache hao ndio macho ya wengine wote.

Mwaka 2017 jambo hilo lilitufikia kwa kishindo. Buzwagi na mgodi mwenzake wa Bulyanhulu zilikuwa zikisafirisha makinikia, mchanga wenye dhahabu na shaba, kwenda kuyeyushwa ng'ambo. Machi Serikali ilizuia usafirishaji. Mei kamati ya uchunguzi ya Profesa Abdulkarim Mruma ilisema kwamba makontena 277 yaliyozuiwa yalikuwa na wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani, ilhali nyaraka zilionyesha takriban 200. Acacia ilikanusha. Mvutano ulimalizwa kwa makubaliano na Barrick, yakiwemo malipo ya dola milioni 300.

Fikirieni hali ya Mtanzania aliyefanya kazi kwenye migodi hiyo mwaka ule. Mtaani aliitwa msaliti, na kazini kila mtu alimtazama mwenzake kwa mashaka. Alitakiwa achague: nchi au mwajiri? Mimi nasema swali lilikosewa. Mpima sampuli ana deni la kwanza kwa kipimo. Gramu zilizomo kwenye tani haziongezeki kwa sababu anayeuliza ni waziri, wala hazipungui kwa sababu anayeuliza ni meneja. Aliyeandika alichokiona hakumsaliti yeyote. Aliyeandika alichoagizwa amewasaliti wote wawili, maana mwajiri naye anahitaji namba ya kweli ili ajue mali yake.

Najua mtanijibu kwamba maadili hayalipi ada. Mtumishi ana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, ana wazazi Shinyanga na wadogo zake shuleni. Kumwambia "acha kazi" ni rahisi kwa asiyekatwa. Kwa hiyo tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, inasema si sababu halali kumwachisha mtu kazi kwa kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri haruhusiwi kisheria kumtaka alifanye. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi na kwa utaratibu. Wafanyakazi wa Bulyanhulu waliogoma Oktoba 2007 walijionea: kampuni iliuita mgomo haramu, na wengi wakafukuzwa.

Basi jiandaeni mapema. Kabla hamjaripoti kazini, amueni mambo mawili au matatu ambayo hamtayasaini, kwa sababu saa nane usiku, bosi akiwa amesimama mlangoni, si wakati wa kutafuta msimamo. Mkikataa, kataeni kwa maandishi na kwa heshima. Jiungeni na chama cha wafanyakazi. Na wekeni akiba ya miezi michache, maana asiyeweza kuishi bila mshahara wa mwezi ujao atasaini chochote.

Na kwenye usaili, mkiulizwa kama mna swali, ulizeni hili: "Nikiona namba isiyo ya kweli, namwandikia nani, na aliyewahi kuandika yalimkuta yapi?" Mwajiri anayejibu kwa mfano, fanyeni naye kazi kwa moyo wote. Anayejibu kwa kuwasomea bango, mmeshamjua.