PICHA KUBWA KWA AJILI YA WADOGO
(Hotuba ya mkatekista wakati wa matayarisho ya Yubile ya parokia)



Halmashauri ya parokia imeniagiza niseme juu ya shauri lililo mbele yetu: kwamba kwa Yubile hii watoto wetu wachore picha moja kubwa sana, na sadaka itakayopatikana iwe ya watoto wasio na wazazi wala karo ya shule. Wengi wamefurahi. Wengine wameuliza: Je, rangi yashibisha tumbo? Ni ulizo la haki, nalo lastahili jibu.

Jambo la namna hii limekwisha kufanyika. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga milango ya dunia, mchoraji Mwingereza Sacha Jafri alikuwa Dubai. Ukumbi wa hoteli Atlantis ulikuwa mtupu, kwani wageni hawakuja. Akatandaza kitambaa sakafuni, akakipaka rangi muda wa miezi saba hivi. Watoto wa nchi 140 walimtumia michoro yao juu ya upweke na umoja, naye akaiingiza katika kazi yake. Picha ilipokwisha, eneo lake lilipita meta mraba 1,590, karibu sawa na viwanja vinne vya mpira wa kikapu. Ikaandikwa katika kitabu cha Guinness kuwa kubwa kupita zote za kitambaa. Ikagawanywa vipande 70, ili viuzwe kimoja kimoja, na mwenyewe alitumaini kupata dola milioni 30. Mwezi wa Machi 2021 tajiri mmoja Mfaransa akavinunua vyote kwa dola milioni 62, feza zilizokusudiwa kwa afya na masomo ya watoto maskini, kwa njia ya mashirika kama UNICEF na Dubai Cares.

Sisi hatuna hoteli ile, wala tajiri yule haketi katika viti vyetu. Basi tujifunze nini?

Kwanza, mtoto si mpokeaji tu. Eklezya ilifahamu hayo zamani. Mwaka 1843 Monsenyeri Charles de Forbin-Janson, Askofu wa Nancy katika Ufaransa, alianzisha Shirika la Utoto Mtakatifu, akiwaomba watoto sala fupi kila siku na sarafu ndogo kila mwezi kwa ajili ya wenzao wa mbali. Yatima wetu nao washike burashi pamoja na wengine, wasiwekwe pembeni kungoja kuhurumiwa.

Pili, tugawanye picha yetu. Kila jumuiya ichukue kipande kimoja, ikitolee sadaka, ikitundike mahali pake pa sala. Asiye na franga alete mihogo ao kuku. Mjane wa Injili alitoa vidogo, naye Bwana akamweka mbele ya matajiri.

Tatu, juu ya ulizo lile. Kule Betania Yuda alinung'unikia marashi kwa jina la maskini, kumbe jicho lake lilikuwa kwenye mfuko. Nasi tuogope mfuko kuliko rangi. Senti moja ya sadaka ya watoto isinunue rangi: tuna makaa, udongo mwekundu na maji ya majani, na mashuka ya zamani yatatosha kuwa kitambaa. Mama wawili na mwalimu mmoja washike daftari la hesabu. Hesabu hiyo isomwe mbele ya wote baada ya Misa, hata ikiwa ndogo ya kutia haya.

Tangu mwaka 2019 serikali ilitangaza masomo ya msingi kuwa bure; lakini nguo ya shule na madaftari vinanunuliwa, na masomo ya sekondari yanaomba karo. Hapo ndipo watoto wetu wanapokwama.

Picha yetu itafifia, jua na mvua vitaila. Shule itakapofunguliwa tena, tuhesabu ni watoto wangapi wameingia darasani kwa ajili yake. Kwa hesabu hiyo tutajua kama tulifanya Yubile ao karamu tu.