Soseji ya Mwingereza, Ulimi wa Mjerumani

Mjerumani akihamia London hachelewi kulalamika: soseji za huku, atakwambia, ni mkate uliovishwa utumbo. Hajakosea sana. Sheria ya Uingereza inaruhusu kuuza soseji ya nguruwe yenye nyama asilimia 42 tu. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji na chenga za mkate mkavu. Lakini chenga hizo hazimo kwa ubahili pekee. Hufyonza mafuta na maji ya nyama, soseji ikabaki laini kikaangoni, na wenyeji wengi ulaini huo ndio wanaoutaka.

Ninachokikataa ni kuhukumu nchi nzima kwa pakiti ya bei ya chini kabisa ya supamaketi. Mgeni huyo afike Cumbria, kaskazini-magharibi, aonje Cumberland: soseji ndefu iliyozungushwa kama kamba ya nanga, yenye pilipili manga ya kutosha. Tangu 2011 ile ya asili inalindwa kisheria: sharti itengenezwe Cumbria, na nyama isipungue asilimia 80. Bei yake imechangamka, ndiyo. Ila hata kwao Ujerumani, Bratwurst nzuri ya buchani haigawiwi bure.