Dawa ya siku 10 inataka chakula

Maneno tuliyowaambia wanachama katika mkutano wa Basoko, 2024

Tuliombwa tuzungumze juu ya dawa mpya za ugonjwa wa usingizi. Tutazungumza, lakini tunaanza na kosa letu wenyewe.

Katika mikutano ya kwanza tulisifu sana dawa inayoitwa acoziborole: vidonge vitatu, unameza mara moja, basi. Habari ikakimbia kuliko toleka. Baadaye kijana mmoja aliyepimwa na kuonekana mgonjwa akakataa kwenda hopitali. Alisema anangojea "ile ya siku moja". Akangoja mpaka akawa anasinzia sahani iko mbele yake, na usiku anatembea-tembea uwanjani. Watu wakasema amerogwa, mama yake akampeleka kwenye maombi. Ni huko tulimkuta. Alipona, lakini maneno yaliyomchelewesha yalitoka katika vinywa vyetu.

Basi tuseme polepole.

Ugonjwa huu unaletwa na mbung'o, ule nzi anayependa kivuli cha kando ya maji, pale tunapochota, tunapooga, tunapofunga pirogi. Isangi, jirani zetu, wanaujua vizuri. Ninyi mliorudi mlikuta mashamba yamekuwa pori, mnafyeka mpaka ukingo wa mto. Na timu za kupima zilipopita, wengi wenu hamkuwepo. Ndiyo sababu tunawasumbua. Kwanza kidudu kinakaa katika damu: homa inakuja na kwenda, kichwa kinauma, mwili unawasha, tezi za shingo zinavimba. Kisha, pengine baada ya miezi au miaka, kinaingia katika ubongo, na usingizi unageuka. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kinajificha hata katika ngozi. Kwa hiyo usiseme "niko mzima" kwa sababu tu hujisikii kitu. Pimwa.

Wazee hapa wanakumbuka melarsoprol, dawa yenye arseniki iliyotumika tangu 1949. Iliunguza mishipa, na katika wagonjwa 20 iliua karibu mmoja. Waliokimbia sindano ile hatuwezi kuwalaumu. Mwaka 2009 ikaja dawa ya kuchanganya, vidonge vya nifurtimox pamoja na eflornithine ya kupitisha katika mshipa mara 14 kwa siku 7. Ilikuwa nzuri, lakini jaribu kubeba maboksi ya serumu katika pirogi wakati wa mvua!

Sasa tuko na fexinidazole. Ni dawa iliyokuwa imeachwa, shirika la DNDi likaifufua kuanzia 2005, na Mkongo mwenzetu, Dkt. Victor Kande, akaongoza majaribio makubwa yenye wagonjwa 394, hapa Kongo na Afrika ya Kati. Iliponya 91 kwa mia. Ile ya serumu iliponya 98. Kwa hiyo mgonjwa aliyezidiwa sana munganga anaweza bado kumwekea serumu, na asibishane naye. Kwa wengine wengi ni vidonge tu, siku 10. Inavyofanya kazi inatupendeza: kidudu chenyewe ndicho kinachoigeuza dawa kuwa sumu ndani ya mwili wake, kwa kitu ambacho seli zetu hazina. Serikali yetu iliiruhusu mwisho wa 2018.

Shida iko hapa. Dawa hii ni lazima imezwe pamoja na chakula. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, haiingii vizuri katika damu, na umepoteza siku. Tena inaweza kutapisha na kuumiza kichwa, na wengine inawanyima usingizi (ndiyo, chekeni). Dawa ni bure. Kwanga, pondu na samaki si bure, wala nafasi katika pirogi. Mtu aliyerudi juzi, shamba lake halijazaa, atakula nini siku 10 kule hopitali, na mtu anayemlinda je? Tumeona wagonjwa wakirudi nyumbani siku ya nne kwa njaa, si kwa kukataa dawa.

Acoziborole ni habari ya kweli. Ilijaribiwa kwa watu 208 katika hopitali 10 za Kongo na Guinea, matokeo yakachapishwa 2022, na kati ya wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika ubongoni 95 kwa mia walipona. Lakini mwaka 2024 ilikuwa bado katika utafiti. Msiingojee kama yule kijana.

Tunachoomba wafadhili ni kidogo: chakula cha watu wawili kwa siku 10, na pirogi kwenda na kurudi, kwa kila mgonjwa. Wanachama wamekubali kutoa sehemu ya likelemba ya kila mwezi kuanza kasha hilo. Daftari atalishika mama wa yule kijana. Alijitolea mwenyewe, na hakuna aliyempinga.